Je, Wajua? Vituko vya Mifumo Inayosomana

Ukinunua umeme kwa simu, kompyuta za taasisi tatu nne huulizana na kujibizana kabla hujameza mate. Hazikuanza kuelewana zenyewe. Kuna wasanidi wa programu waliosomea kazi hiyo moja: kuchukua mifumo isiyojuana na kuifanya isomane. Dunia yao imejaa vituko, hebu sikia!

HAPO HAPO MFUKONI MWAKO

Je, wajua kuwa mita yako ya LUKU haihitaji intaneti ili kukuongezea umeme? Zile tarakimu 20 za tokeni ndizo ujumbe wenyewe, umefungwa kwa siri ambayo mita yako peke yake ndiyo inaweza kuifungua. Mpe jirani tokeni yako ajaribu kwake: mita itamkatalia katakata!

Wala tokeni hailiki mara mbili. Kila moja imebeba muhuri wa dakika ilipotengenezwa, na mita ikishauona muhuri huo haiupokei tena. Dakika hizo zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993, hata kama nyumba yako ilikuwa bado ni shamba la mihogo.

Sasa shika hapa: nafasi iliyotengwa kuhesabia dakika hizo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Chukua kikokotoo upige hesabu, utaangukia tarehe 24 Novemba 2024! Ndiyo maana mwaka ule wateja wa TANESCO na wa Kenya Power walitakiwa kuingiza mafungu ya ziada ya tarakimu 20 kabla ya umeme wenyewe. Ulidhani wanakusumbua bure?

Je, wajua kuwa mita hiyo hiyo ni mkusanya kodi? Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo Tanzania hukatwa kupitia LUKU, na ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mfumo wa umeme na mfumo wa kodi ilifundishwa kusomana, na wewe ukajua siku uniti zilipopungua.

Hebu ifuate elfu tano yako. Kampuni ya simu inaangalia salio, inauliza kama namba ya mita ipo, inapeleka malipo. Upande wa umeme unakata kinachodaiwa, unatengeneza tokeni, na jibu linarudi njia ile ile hadi kwenye SMS. Kituo kimoja tu kikilala, unaletewa ule ujumbe unaokera: muamala wako unashughulikiwa.

Kontroli namba je? Tarakimu zake 12 ndizo zinazoiambia benki, kampuni ya simu na ofisi ya serikali kwamba wote wanazungumzia bili moja. Mfumo wa malipo ya serikali ya Tanzania unaozitoa, GePG, ulianza kazi 2017. Kabla ya hapo ungepanga foleni benki, urudi na karatasi, kisha upange tena foleni kuionyesha!

Unatuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila kufikiri, sivyo? Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo: Tigo, Airtel na Zantel zilifungua milango 2014, Vodacom ikajiunga 2016. Kabla ya hapo watu walitembea na laini nne na simu tatu.

Je, wajua kuwa M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya kumtumia mama pesa kijijini? Majaribio ya 2005 nchini Kenya yalilenga kulipia mikopo midogo midogo. Wateja wakaanza kurushiana pesa wao kwa wao, na kampuni ikaona huko ndiko kwenye biashara. Machi 2007 huduma ikazinduliwa rasmi.

Na hii itakuchekesha. Kwa miaka, seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa nyumbani 2015. Ukimlipa muuza mboga wa Gikomba aliye mbele yako, hesabu ilipigwa Ulaya ikarudi, naye bado anakufungia sukuma wiki!

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, lango ambalo msanidi yeyote angeweza kupitia ili kuunganisha programu yake na M-Pesa. Kijana mwenye kompyuta moja chumbani akapata njia ile ile wanayopita wenye maghorofa. Umewahi kuletewa ombi la kuweka PIN bila kuandika namba ya till? Hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa nini menyu za nyota-reli zimebanwa maneno namna ile? Kwa sababu skrini moja ya USSD hubeba herufi 182, basi! Anayesomea kazi hii hujifunza kusema "Chagua kiasi" pale ambapo moyo wake ulitaka kuandika barua.

Na SMS ina herufi 160. Mwaka 1985, mjini Bonn, Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi kwenye taipureta akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake. Karibu zote hazikufika 160, akaona inatosha. Dunia nzima ikabanwa na taipureta ya mtu mmoja!

WACHORA KAZI

Kabla ya kuunganisha mifumo, msanidi hufundishwa kuchora kazi inavyokwenda: nani anaanza, nani anaidhinisha, nini kikikwama. Je, wajua mchezo huu una zaidi ya miaka 100? Mwaka 1921 mume na mke, Frank na Lillian Gilbreth, waliwaonyesha wahandisi wa Marekani michoro ya hatua za kazi.

Frank alianza maisha kama mwashi. Akatazama jinsi wenzake wanavyojenga ukuta, akapunguza miondoko ya mikono kutoka 18 kwa tofali moja hadi 5. Kasi ikaruka kutoka tofali 120 kwa saa hadi 350! Tofali ni lile lile, mkono ni ule ule.

Wawili hao walijaliwa watoto 12. Walizipeleka hadi nyumbani mbinu zao za kuokoa muda, na watoto wakaja kuandika kitabu kuhusu maisha hayo. Wewe asubuhi unashindwa kuwaandaa wawili tu, eti?

Leo wanafunzi huchora kwa BPMN, lugha ya picha iliyotoka 2004 na kupewa hadhi ya kiwango cha kimataifa cha ISO 2013. Duara ni tukio, kisanduku ni kazi, almasi ni njia panda. Ukijua hayo matatu, unaweza kusoma mchoro wa benki ya Japani bila kujua neno la Kijapani.

Jaribu mwenyewe na ombi la likizo. Duara jembamba: ombi limefika. Kisanduku: bosi anasoma. Almasi: siku zimebaki? Ndiyo inakwenda huku, hapana inakwenda kule, kila njia inaishia kwenye duara nene. Rahisi, au siyo?

Haya, bosi amesafiri wiki mbili. Umechora nini? Hakuna! Mwanafunzi mgeni husahau hapo, na ombi hulala milele. Dawa yake ni alama ndogo ya saa pembeni ya kisanduku: siku 3 zikipita kimya, ombi linahamia kwa msaidizi.

Je, wajua kuwa programu ya kampuni huishia kufanana na ugomvi wa ofisini? Melvin Conway aliandika 1968 kwamba watu hutengeneza mifumo inayofuata namna wanavyowasiliana wao wenyewe. Idara ya mauzo na ya uhasibu haziongei? Basi na kompyuta zao hazitaongea! Jarida la Harvard Business Review lilikuwa limemkatalia makala hiyo kwa kusema hajathibitisha hoja yake.

Mwaka 1972 Wajerumani watano waliaga IBM wakaanzisha kampuni yao. Walitaka uhasibu, maghala na manunuzi yaonane palepale, bila kungoja mafaili ya usiku. Kampuni hiyo ni SAP, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za programu duniani leo.

UJUMBE UMEFIKA?

Je, wajua kuwa nyaraka za kibiashara zinazosomwa na kompyuta zina asili ya njaa ya Berlin? Mwaka 1948 na 1949 jiji hilo lililozingirwa lililishwa kwa ndege: safari zaidi ya 270,000, mzigo zaidi ya tani milioni 2! Kila nchi ilileta orodha yake ya mizigo kwa mtindo wake, na sajenti wa Marekani, Ed Guilbert, akabuni orodha moja ya kufuatwa na wote.

Miaka mingi baadaye wazo hilo likavuka bahari. Mwaka 1965 kampuni ya meli ya Holland-America ilituma orodha za shehena kwa teleksi kupitia Atlantiki, ukurasa mmoja kwa dakika 2 hivi. Meli ikiwa bado inapasua mawimbi, karatasi zake zimeshafika!

Kukata tiketi ya ndege kulichukua dakika 90 hivi enzi za kadi na penseli. Mwaka 1953 rais wa American Airlines alikaa ndegeni karibu na muuzaji wa IBM, wakapiga soga kutoka Los Angeles hadi New York. Soga hiyo ikazaa Sabre, mfumo uliokuja kuhudumia simu 84,000 kwa siku. Ukipanda basi la Mwanza, msalimie jirani yako!

Tarehe 26 Juni 1974, saa 2 na dakika 1 asubuhi, mjini Troy katika jimbo la Ohio, bidhaa ya kwanza yenye mistari ya msimbopau ilipita kaunta ya duka. Ilikuwa pakiti ya bablishi ya senti 67! Tangu hapo kaunta na ghala zikaanza kuambiana nini kimeuzwa.

Benki zikitumiana pesa nje ya nchi hutumia SWIFT. Lakini je, wajua kuwa SWIFT haigusi hata senti moja? Inabeba ujumbe tu. Ilianzishwa 1973 na benki 239 za nchi 15, na leo ina taasisi zaidi ya 11,000.

Mwaka 2000 Microsoft ilitoa BizTalk Server, na vizazi vya wasanidi vikajifunzia humo kazi ya kuunganisha. Ina sheria moja tamu: ujumbe ukishaingia kwenye sanduku lake haubadilishwi hata nukta. Ukitaka kurekebisha, tengeneza mwingine, na ule wa kwanza ubaki vilevile. Mhasibu gani asingependa hivyo?

Foleni nazo zina hesabu zake! Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alichapisha hesabu za simu zinazoingia kwa kubahatisha. Mwaka 1986 mafundi wa Ericsson walianza kuunda lugha ya kompyuta iliyokuja kuitwa kwa jina lake. Programu maarufu ya kupanga foleni za ujumbe, RabbitMQ, imeandikwa kwa lugha hiyo hiyo.

Lugha hiyo ya Erlang ndiyo iliyoibeba WhatsApp. Iliponunuliwa na Facebook 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32 tu. Gawanya: kila mhandisi alikuwa na watu milioni 14 mgongoni!

Je, wajua kuwa njiwa amewahi kubeba intaneti? Tarehe 1 Aprili 1990 ulichapishwa mwongozo wa utani wa kusafirisha data kwa njiwa. Mwaka 2001 wapenzi wa Linux wa Bergen, Norway, wakaujaribu kweli: walituma ujumbe 9, wakapata majibu 4. La kuchelewa zaidi lilichukua zaidi ya dakika 100!

Usicheke sana. Mwaka 2009, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alibeba kadi ya gigabaiti 4 kwa kilomita 80. Mpaka anatua na data yake inahamishiwa kwenye kompyuta, zilipita saa 2 na dakika chache. Intaneti ya waya ilikuwa imefikisha asilimia 4 tu ya mzigo ule ule.

Sasa fumbo. Majenerali wawili wako milima miwili, wanataka kushambulia pamoja, lakini mjumbe anaweza kukamatwa njiani. Wapelekeane majibu mangapi ndipo wote wawili wawe na hakika? Jibu lililothibitishwa kihesabu: hata wakipelekeana milioni moja, haitoshi!

Ndiyo maana mtandao ukikatika katikati ya malipo, simu yako haijui kama pesa imefika. Msanidi hufundishwa kukipa kila kitendo namba yake ya pekee, ili ombi likirudiwa mara kumi lihesabiwe mara moja. Siku hukukatwa mara mbili, mtu fulani alisoma vizuri.

Kitabu wanachokutana nacho wengi wa fani hii kilitoka 2003, na waandishi wake ni Gregor Hohpe na Bobby Woolf. Kina mbinu 65 za kuunganisha mifumo. Mojawapo ni kutenga pipa la ujumbe uliokosa wa kuupokea, usipotee wala kuziba njia. Pipa hilo likijaa usiku, kuna mtu anapigiwa simu.

Hohpe huyo huyo aliwahi kuandika makala nzima kuhusu foleni ya mgahawa wa kahawa. Unalipa, jina linaandikwa kwenye kikombe, unasogea pembeni, na kahawa inaweza kutoka kabla ya zamu yako. Anasema mifumo mikubwa ifanye hivyo hivyo: ipokee, iweke alama, isimsimamishe mteja.

KIUNGO KIKILEGEA

Je, wajua chombo cha angani kiliwahi kuuawa na kipimo? Mwaka 1999, baada ya safari ya miezi 9, chombo cha NASA cha dola milioni 125 kiliteketea kwenye anga la Mirihi. Programu moja ilitoa hesabu kwa pauni, nyingine ikazisoma kama nyutoni. Kila mfumo ulikuwa sahihi nyumbani kwake!

Roketi ya Ariane 5 ilipasuka 4 Juni 1996, sekunde 40 hivi tu baada ya injini kuwashwa. Namba kubwa ililazimishwa kuingia nafasi ndogo, ndani ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Na kipande hicho hakikuwa na kazi yoyote roketi ikishapaa! Kuna la kusema?

Kampuni ya Hershey ya Marekani iliwasha mifumo mitatu mipya kwa mpigo 1999, karibu na sikukuu ya peremende. Oda za dola milioni 100 hazikufika madukani. Peremende zilikuwepo ghalani tele, ila kompyuta ilikuwa haijui ziko wapi.

Agosti 1, 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva 7 na kusahau ya 8. Seva hiyo moja ikanunua na kuuza kama imepagawa. Dakika 45, dola zaidi ya milioni 440 kwaheri! Karibu dola milioni 10 kila dakika.

Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya Aprili 2018. Wateja hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Faini ikaja 2022: pauni milioni 48.65.

Hii ya Uingereza pia. Mwaka 2020 wagonjwa 15,841 wa korona walidondoka kwenye hesabu za taifa. Kisa? Majibu ya maabara yaliingizwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo safu zake huishia 65,536. Zilizozidi zikaachwa mlangoni, kimya kimya.

Na Februari 2016 wezi waliingia mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh, wakaagiza dola milioni 951 kwa ujumbe wa SWIFT. Dola milioni 81 zikayeyuka Ufilipino. Dola nyingine milioni 20 ziliokolewa kwa sababu wezi walikosea kuandika jina la taasisi ya kupokea: herufi mbovu, karani makini!

MIPAKA NAYO HUSOMANA

Umoja wa Mataifa una programu yake ya forodha, je, wajua? Inaitwa ASYCUDA, ilianza 1981, na imetumika katika nchi na maeneo zaidi ya 100. Uganda, Rwanda na Burundi zimo.

Kenya na Tanzania zina mifumo yao mingine ya forodha. Basi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza himaya moja ya forodha 2014, mifumo hiyo ililazimika kufunzwa kusomana, ili mzigo ukaguliwe Mombasa au Dar es Salaam na kodi iingie Kampala au Kigali. Maofisa walitangaza kuwa safari ya kontena Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi 4. Muulize dereva wa lori wa Malaba, atakusimulia!

Estonia ina watu milioni 1.3 tu, lakini tangu 2001 ofisi zake za umma huulizana kupitia barabara moja ya data iitwayo X-Road. Taarifa uliyokwisha kuitoa ofisi moja, nyingine huichota huko huko. Hebu fikiria kutoombwa tena nakala ya cheti cha kuzaliwa!

WALISOMEA WAPI?

Waliopanga programu za ENIAC, kompyuta ya miaka ya 1940 yenye uzito wa tani 30, walikuwa wanawake sita. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuiona, wakajifunza kwa kusoma michoro ya nyaya zake. Programu zenyewe waliziweka kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi. Kuunganisha kulikuwa kuunganisha kweli!

Je, wajua kuwa kuna chuo cha programu kisicho na mwalimu hata mmoja? Kinaitwa 42, kilifunguliwa Paris 2013, hakina ada, na mtihani wa kuingilia ni wiki 4 za kupambana na kompyuta. Ndugu yake wa Afrika, 1337, alifunguliwa Khouribga, Moroko, 2018.

Na mwalimu mwingine ni bata wa plastiki. Kitabu kimoja cha wasanidi cha 1999 kinasimulia mbinu hiyo: ukikwama, mweleze bata programu yako mstari kwa mstari. Ukifika katikati, kosa unaliona mwenyewe! Bata hakusema neno, na hadai ada.

Kazi imechelewa, bosi anaongeza watu? Fred Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa IBM, aliandika 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, utauchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliolemewa.

Steve Yegge, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Amazon, alisimulia kuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jeff Bezos alitoa amri: kila timu ifungue mlango rasmi wa data yake, na timu zipitie milango hiyo tu. Asiyetii, kazi hana! Kampuni ikajizoesha kuhudumiana ndani kama inavyohudumia wageni.

Chukua kadi yako ya benki. Tarakimu ya mwisho haikuwekwa kwa bahati: ni ya ulinzi, kwa hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950. Ukikosea tarakimu moja tu, yoyote ile, kompyuta inakugundua bila kuuliza benki!

TAREHE, MSUMBUFU MKUU

Je, wajua kuwa kwa Excel, tarehe 29 Februari 1900 ilikuwepo? Duniani haikuwepo, kwa sababu mwaka 1900 haukuwa mrefu! Kosa lilikuwa la programu ya zamani iitwayo Lotus 1-2-3, na Microsoft ikaliiga kwa makusudi ili mafaili ya pande mbili yasomane.

Excel za zamani za Mac nazo zilianza kuhesabu siku 1904. Ukihamisha tarehe kizembe kati ya kalenda hizo mbili, unapishana siku 1,462. Mkopo wako unaweza kuiva miaka minne kabla hujaukopa!

Na 03/04 ni lini? Kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni Machi 4. Tangu 1988 kuna kiwango cha ISO cha kumaliza ubishi: mwaka kwanza, mwezi, kisha siku. Jaribu kutaja majina ya mafaili yako hivyo, yatajipanga yenyewe.

Ya mwisho, ikae kichwani. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na zile za mtindo wa zamani zina nafasi ya sekunde 2,147,483,647 tu. Zitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mashine itakayokuwa haijarekebishwa itajiona imerudi mwaka 1901!

Mtoto aliyezaliwa 2014, siku hiyo atakuwa na miaka 23 hivi, umri wa kutoka chuoni. Kazi ipo, tarehe ipo, saa ipo. Wako unamwandikisha lini?